Nyumba Iliyosema Haina Watu

Siku ya kwanza Mama Redio aliposikia mtu akiitika "nipo" kutoka chumba cha wageni, alifurahi. Naona bora niliseme hilo mapema, maana watu wakisimuliwa habari za majini hutegemea mtu apige yowe, adondoshe sinia, azimie. Yeye hakudondosha kitu. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, jioni, kitambaa cha vyombo begani, ameuliza swali ambalo kwa miezi mingi lilikuwa halina wa kulijibu, na leo limejibiwa. Akatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota hereni aliyokwisha kuikatia tamaa.

Swali lenyewe lilikuwa "Tumetimia?" na lilizaliwa katika chumba kimoja walichopanga zamani, chumba ambacho ukinyoosha mguu unagusa mlango na ukinyoosha mkono unagusa jiko. Mume wake, Fundi, alikuwa fundi bomba wa kuzibua vyoo vya watu. Binti yao mkubwa kila mtu alimwita Dada. Mdogo wake alikuwa mtoto wa maneno mengi, akiamka anasema na akilala anasema, hata majirani wakampa jina la Redio, na jina likamganda yeye pamoja na mama yake. Sasa, usiku mmoja wa mvua walifunga komeo wakalala, Dada akiwa bado chooni huko nje. Mtoto alibisha weee, mvua inapiga bati, hakuna aliyesikia, mpaka jirani wa upande wa pili alipoupiga ukuta kwa mwiko na kupayuka kwamba wamemfungia mtoto nje kama kuku. Tangu siku hiyo, kabla ya kuzima kibatari, Mama Redio aliuliza, "Tumetimia?" na kila mmoja akajibu kwa zamu. Fundi alisema "Nipo." Dada alisema "Nipo." Redio alisema "Nipo na miguu yangu yote miwili," wakacheka, wakalala.

Mimi sitetei umaskini, msinielewe vibaya. Wanaousifu wengi wao wameuona kupitia dirishani. Katika chumba hicho hicho Mama Redio alikuwa anaficha sukari ndani ya foronya ili wifi yake akija asiione, na Fundi aliwahi kugombana na mkewe kwa ajili ya kipande cha sabuni mpaka wapangaji wote wakajua kipande kilikuwa na ukubwa gani. Dhiki iliwabana pamoja, na hapo hapo ikawafundisha kuviziana. Lakini hakuna aliyekuwa mpweke. Upweke unataka nafasi, na nafasi ndiyo waliyoikosa.

Kisha Fundi akapata kazi ya kulaza mabomba kwenye mtaa mpya wa wakubwa, kazi ikazaa kazi, mkono wa bahati ukamshika usimwachie. Akawa na malori. Watu wakaanza kumwita Injinia, yeye ambaye uinjinia aliusomea mikono ikiwa ndani ya mitaro ya wenzake. Akajenga nyumba ya ghorofa, kila mtu na chumba chake, kila chumba na choo chake. Wanaocheka habari ya vyoo wacheke, ila mtu aliyeishi kwa vyoo vya wengine ana haki ya kuota hivyo.

Alipokuwa hana kitu, Fundi alikuwa mtu wa watu. Akipata mkate mmoja anaumega kabla hajaketi, na mdomo wake ulikuwa mali ya uani kwa utani. Utajiri ulimfundisha somo moja tu, kwamba kila anayemsalimu ana shida yake mfukoni. Ubaya wa somo hilo ni kwamba mara nyingi lilikuwa kweli. Akaweka geti refu, akaweka mlinzi, akaweka na simu ya geti ili aliye nje aulizwe na aliye ndani ajibu bila kuonekana. Na akatoa amri: akija mtu, ndugu, jamaa, aliyesoma naye, jibu ni moja. Hatupo. Gari linaonekana uani, taa zinawaka, sauti ya televisheni inasikika hadi barabarani, na jibu ni hatupo. Wote wakalizoea. Dada aliwaambia hivyo marafiki, Redio akawaambia wenzake wa shule, na ulimi ukizoea jambo haurudi nyuma kuuliza kama ni sawa.

Huko ndani nako kila mtu alichukua sahani yake akapanda nayo juu. Mwanzoni "Tumetimia?" ya mama ilijibiwa kutoka ghorofani. Baadaye Dada akamwambia, kwa upole, "Mama, unapiga kelele mpaka naona aibu kwa ninaoongea nao simuni. Tutengeneze kundi la familia, uwe unaandika." Likatengenezwa. Akawa anaandika swali lake, anajibiwa kwa picha ya dole gumba. Redio, yule aliyekuwa haishiwi betri, sasa alipita sebuleni na vitu vyake masikioni, anasalimia kwa kuinua nyusi.

Kwa hiyo jioni ile Mama Redio alipanda ngazi kwa furaha. Aliamini ni Redio, ametulia kwenye chumba cha wageni kwa sababu zake za kijana. Chumba hicho kilikuwa mwisho wa korido na hakijawahi kulaza mgeni. Godoro lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Alisukuma mlango. Hakukuwa na mtu. Nailoni ilikuwa imebonyea katikati, na akiwa anaitazama ikaanza kujiinua taratibu, ikilia kwa mkwaruzo mdogo, kama inavyofanya mtu anapotoka kukaa. Chumba kilinuka moshi wa kibatari.

Chini, geti likafunguka. Redio akaingia kutoka nje, begi mgongoni, viatu na vumbi la njiani.

Alimweleza mumewe siku hiyo hiyo, mlangoni mwa chumba chake cha kazi, kwa sauti ya chini ambayo yeye mwenyewe hakujua kwa nini aliishusha.

"Ni hewa kwenye mabomba," Fundi alisema bila kuinua macho kwenye simu. "Nyumba mpya hiyo. Maji yakipungua, bomba linaguna."

"Bomba linaguna. Linasema nipo?"

"Mke wangu, mimi mabomba nimeyasikia yakisema mengi kuliko hayo."

"Na moshi wa kibatari je? Nao umepita kwenye bomba?"

Fundi alicheka kidogo, ule ucheko wake wa siku hizi unaoishia puani, akamwambia apumzike, kesho atamtuma kijana wake mmoja aje kukagua. Kijana alikuja, akafungua mifereji yote, akasema kila kitu kiko safi. Alipotoka chumba cha wageni alikuwa anajipangusa mikono kwa nguvu, akaomba aondokee mlango wa nyuma.

Siku zikapita, na sasa kila jioni jibu lilikuja. Mama Redio aliacha kuuliza, jibu likaja hivyo hivyo, bila swali, lile "nipo" dogo la mtu aliyejifunika shuka. Angalimwambia nani? Aliandika kwenye kundi kwamba anasikia sauti juu. Akaletewa madole gumba matatu.

Ndipo ukaja mchana wa mvua, yeye anapita koridoni na nguo zilizokunjwa, akasikia kilio cha chini chini nyuma ya mlango wa wageni. Kilikuwa cha Dada. Mama hakosei kilio cha mwanawe.

"Dada? Una nini, mwanangu?"

"Usifungue, Mama. Nimekaa vibaya. Kaa hapo hapo tuongee."

Alikaa chini, akauegemeza mgongo kwenye mlango, na akahisi upande wa pili mgongo mwingine ukiegemea palepale, wa moto, unapumua. Dada akamwambia kazi imemchosha, kwamba kuna mtu anataka kumwoa naye haelewi kama anapendwa yeye au geti la baba yake, kwamba anakumbuka walivyokuwa wanalala wawili wawili na miguu ya Redio ikimpiga mbavuni. Mama Redio alilia kwa raha. Naye akatoa yake, yale asiyowahi kumwambia mtu: kwamba kuna siku anaongea na friji, kwamba anaogopa kufa katika nyumba hii akajulikana kwa harufu.

"Mimi nitakuona, Mama," sauti ikasema. "Mimi sitoki humu."

Kesho yake Dada akaingia getini akiburuta sanduku la safari, miwani ya jua kichwani, akambusu mama yake shavuni na kuuliza kama kuna chakula, na mama akamuuliza anatoka wapi na sanduku, naye akashangaa, akasema, "Mama, si nilikuwa semina tangu Jumatatu? Si niliandika kwenye kundi?" na Mama Redio akafungua simu, akakuta kweli maneno yapo, na picha za ukumbi zipo, na dole gumba lake mwenyewe lipo chini yake, akabaki amesimama na ile simu huku akiukumbuka ule mgongo wa moto ulioegemea wake, na yale aliyoutobolea, na jinsi ulivyokuwa unapumua pole pole kama kitu kinachoshiba. Alimpakulia chakula, Dada akapanda nacho juu.

Aliyemwokoa na kudhaniwa kichaa ni Fundi mwenyewe. Ilikuwa Jumapili adhuhuri. Mama Redio alitoka uani kuanua nguo, na alipofika katikati ya ngazi akasikia kicheko ambacho hajakisikia tangu wahame, kicheko cha tumbo, cha Fundi yule wa zamani. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha wageni, bega kwenye fremu, anafuta machozi kwa kiganja. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akageuza kichwa, akamwona mkewe kwenye ngazi na beseni la nguo. Akatazama ndani ya chumba. Akamtazama tena mkewe.

"Wewe," alisema, "si upo humu?"

"Mimi natoka uani."

"Umenikumbusha yule bibi aliyedondosha meno ya bandia chooni. Sasa hivi. Tumecheka."

"Fundi, njoo huku. Njoo polepole."

Hakuweza kuja. Wote wawili waliziba pumzi, na kutoka ndani ya chumba, kwa sauti yake Mama Redio, ile ile yenye mkwaruzo wa asubuhi, kitu kikasema, "Fundi, mbona umenyamaza?"

Fundi alivuta mlango kwa nguvu akaupiga ufunguo. Walishuka hadi jikoni wakikanyagana kama watoto. Hapo Fundi alimshika mkewe mkono, mara ya kwanza kwa muda mrefu, akanong'ona, "Tafuta mtu. Yeyote. Mlete." Mama Redio alidhani watakaa pamoja sasa. Lakini hofu inayomkimbiza maskini kwa jirani humkimbiza tajiri kwenye kufuli; Fundi alipanda chumbani kwake kwa ngazi za nyuma, akajifungia, na dakika chache baadaye akasikika akiongea na simu kuhusu mchanga na kokoto.

Mama Redio hakuwa na wa kumwendea ila mmoja, na huyo alimwonea haya. Jirani wa zamani, yule wa mwiko na ukuta, bado alikuwa anakaa kwenye chumba kile kile. Alimkuta anachambua maharage kwenye ungo.

"Karibu, shoga," Jirani alisema, hakuinuka. "Mwaka jana nilikuja kwako. Nikaambiwa umesafiri."

"Shoga, mimi..."

"Nikasikia unakohoa ndani ya ile simu ya getini. Kikohozi chako nakijua, nimelala nacho ukutani miaka. Nikasema, makubwa, mtu anasafiri anakiacha kikohozi nyumbani."

Mama Redio alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulia. Siku ile Jirani alipokuja, hakuwa na sababu hata moja ya kumkataa. Aliona kwenye kioo cha simu kanga iliyochuja na kapu mkononi, akahisi uvivu fulani, uvivu wa kumweleza mtu jinsi mashine ya kufulia inavyofanya kazi, akamnong'oneza mlinzi, "Sipo, nimesafiri." Ndivyo ilivyokuwa, wala hakukuwa na ubaya mkubwa kuliko huo. Jirani alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akausukuma ungo mbele yake ili mikono yake ipate la kufanya, akamsikiliza habari yote.

Mtaalamu ambaye Jirani alimpeleka kwake alikuwa msusi wa nywele, mwanamke mnene mwenye haraka, chanuo mdomoni, aliyekuwa anamsuka mteja kibarazani. Alimwacha mteja na kichwa nusu, akawaingiza chumbani.

"Mgeni akija kwenu, mnasemaje?" aliuliza.

Jirani akamjibia. "Wanasema hawapo."

"Wote?"

"Wote," Mama Redio alisema.

Msusi alitoa chanuo mdomoni. "Majini wanapenda mahame, hilo unalijua. Nyumba iliyoachwa, kisima kilichokauka. Hawa si wezi. Wakikuta mtu, wanapita. Sasa nyinyi mnasimama getini kwenu, kwa vinywa vyenu wenyewe, kila siku, mnatangaza kwamba nyumba haina watu. Anayepita amesikia, kaamini. Kaingia. Na si mmoja. Ni wengi kadiri ya nafasi mlizosema ziko wazi."

"Na ule moshi? Kibatari tulikitupa zamani."

"Kauonja kwako. Anajua unachokikosa."

Akampa masharti, na yalikuwa mepesi hata Mama Redio akaona haya kuyasikia. Siku moja tu, jioni, wote wanne wakae chumba kimoja, sakafuni, taa imezimwa, simu mbali. Jirani atakuja getini aulize kwa sauti kama wenyewe wapo. Wote wanne watoke kwa miguu yao, wafungue geti kwa mikono yao, waseme tupo, karibu. Jirani aingie ale nao. Hapo asiye wa nyumba atakosa pa kukaa.

"Ila atakuja kabla yao," msusi alisema. "Yeye hana shughuli nyingine. Usimwitikie. Ukimpokea kwa mdomo wako basi, kwisha. Wako wa damu utawaona wakipita kwenye ngazi, midomo inacheza, lakini sauti zao hutazisikia tena mpaka unaingia kaburini."

"Nitamjuaje?"

Msusi alikuwa ameshageukia mlango, anamfuata mteja wake. "Atakuwa mzuri kuliko wao," alisema.

Fundi alikubali bila ubishi. Dada alicheka kidogo, halafu alipomtazama baba yake akaacha kucheka, akasema sawa. Redio alitoa kitu kimoja sikioni, akasema, "Kwani yule Dada ninayeongea naye mle chumba cha wageni si Dada?" kisha hakutaka kueleza zaidi. Ikapangwa Ijumaa. Mama Redio alishusha magodoro sebuleni, akasogeza makochi, akapika sufuria kubwa ambayo haijapakuliwa tangu wahamie. Mikono yake ilikuwa inaimba. Jua lilipozama alisimama chini ya ngazi akawaita.

"Nakuja, Mama, namalizia kitu kimoja," Dada alisema.

"Nakuja," Redio alisema.

"Sasa hivi," Fundi alisema. "Nina mtu kwenye simu, sasa hivi."

Nao hawakuwa wanadanganya. Hilo ndilo linaloniuma kila nikilisimulia. Kila mmoja alikusudia kushuka, na kila mmoja alikuwa na jambo moja la kumalizia, na jambo hilo lilikuwa na mdogo wake. Mama Redio alizima taa ya sebuleni kama walivyoagizwa, akajilaza kwenye godoro la pembeni, chakula kimefunikwa, akasubiri. Akawaita mara ya pili. Akajibiwa nakuja. Akawaita tena, na safari hii hakuna aliyejibu, ila juu kule alisikia sauti ya Fundi ikitaja bei ya kitu.

Miguu ikaanza kushuka ngazi.

Ilishuka peku, mmoja baada ya mwingine, ikanyata kwenye marumaru, na godoro likabonyea kushoto kwake na harufu ya sabuni ya magadi na jasho la kazi ikamjia, jasho la mtu aliyezibua mtaro wa watu kutwa nzima na bado anatania, na godoro likabonyea kulia, na nywele zenye mafuta ya nazi zikagusa bega lake, na kitu chepesi kikapanda katikati yao kwa magoti na viwiko kama kilivyokuwa kikipanda miaka hiyo yote, kikajipenyeza, kikapiga mtu teke mbavuni, mtu akaguna, mtu akacheka, na moshi wa kibatari kilichozimwa sasa hivi ukatanda juu ya wote, na Mama Redio, aliyekuwa anajua, aliyejua tangu mguu wa kwanza kwa sababu mumewe siku hizi ananukia manukato na mwanawe ni mrefu kuliko mlango, alibaki amekodoa macho gizani, mdomo ameubana kwa meno, machozi yanamwingia masikioni.

"Yule bibi," sauti ya Fundi ilinong'ona sikioni kwake, "aliniambia, fundi, nitolee meno yangu, nina arusi kesho."

Hakuitikia. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka kwa kuzuia kicheko.

"Mama," sauti ya Dada ikasema, "mbona husemi? Leo tumekuja wote."

Kengele ya geti ililia. Kupitia simu ya ukutani sauti ya Jirani ikajaa sebule, kubwa, yenye furaha. "Hodi! Wenyewe mpo?"

Mama Redio alijitoa kwenye mikono ile, akasimama, akakimbilia ngazi. "Fundi!" aliita. "Fundi, amefika! Dada! Redio! Shukeni, nawaombeni, shukeni sasa!"

Mlango ukafunguka juu. Sauti ya mumewe, ya kweli, yenye uchovu, ikateremka. "Mama Redio, nina watu wa maana kwenye simu hapa. Mwambie mlinzi aseme hatupo. Tutafanya kesho." Mlango ukafungwa, taratibu, na mtu asiye na hasira yoyote.

"Hodi!" Jirani akaita tena. "Shoga, upo?"

Alisimama pale, mkono mmoja kwenye ngazi. Geti lilikuwa umbali mdogo tu. Angeweza kutoka peke yake. Kulikuwa na mtu nje anayempenda, mwenye kikapu na maneno yake makali. Lakini angetoka na kurudi wapi? Nyuma yake, gizani, mtu alipiga godoro kwa kiganja mara mbili, akimfanyia nafasi.

"Rudi ulale," walisema. "Sakafu ina baridi."

Mama Redio alikwenda ukutani, akainua simu ya geti.

"Tupo, shoga," alisema. "Tupo wote. Mambo yameisha, sote tumejilaza hapa tumechoka. Uje kesho ule." Na nyuma yake wakacheka wote watatu kwa pamoja, kicheko cha kuvunja mbavu, naye akageuka akacheka nao. Juu ghorofani Fundi alipaza sauti kwamba wapunguze televisheni. Mkewe alilisikia neno la kwanza. La pili hakulisikia.

Nje ya geti Jirani aliushika ukuta kwa raha. Kicheko kile alikuwa amekisikia kwa miaka kupitia ukuta mwembamba, akamjua kila mtu kwa sehemu yake. Alikabidhi kapu lake kwa mlinzi. "Wape hii kesho," alimwambia. "Leo waache. Nyumba imepata watu, mwanangu, sikia wanavyocheka." Akaondoka zake akijifunga kanga, anamtafuta msusi ampe habari njema.

Mlinzi alibaki na kapu mkononi. Aliinua macho kuitazama nyumba. Chini kulikuwa giza tupu, na humo gizani ndimo kilimokuwa kicheko, sasa watu wanne, sasa watano. Juu madirisha matatu yalikuwa na taa, na katika kila dirisha mtu mmoja ameketi peke yake, ameinamia simu, hajacheka. Alihesabu tena madirisha. Kisha akalitua kapu, akafungua geti kidogo bila kulipigisha kelele, akahamishia kiti chake barabarani.